Kamba ya Kupimia Soya

Kila siku asubuhi Bi Kwanini alilisha kuku, kisha akafagia ua. Hilo halikuwa jina lake, bali utani wa baba, maana binti huyo wa miaka kumi na mmoja hakuacha jambo lipite bila kuliuliza. Nadhani hata kuku walikuwa wamemchoka!

Jumamosi moja, afisa kilimo aliingia na pikipiki, buti zimejaa tope. Alikuja kukagua shamba la soya.

"Shikamoo," Bi Kwanini alimsalimu. "Kwa nini serikali inawalipa watu wanaolima soya?"

"Haya, maswali yameanza," baba alisema.

Afisa alicheka. "Marahaba, mwanangu. Soya inatupa mafuta ya kupikia na chakula cha kuku wako hawa. Bei ikianguka, wakulima wanaiacha na sote tunaumia. Kwa hiyo serikali inawaongezea kidogo kwa kila hekta waliyopanda. Hiyo ndiyo ruzuku."

"Na mtu akiandika hekta nyingi kuliko alizonazo?"

"Ehee! Nikizunguka shamba na kifaa hiki, kinaniambia ukubwa wake. Aliyezidisha anafutwa kwenye orodha misimu mitatu, na visingizio sisikilizi."

"Mimi kwenye fomu nimeandika hekta mbili," baba alisema kwa kujiamini. "Nilipima mwenyewe kwa kamba ya mita hamsini. Urefu kamba nne, upana kamba mbili." Akaitoa kamba hiyo stoo.

Bi Kwanini alipoiona, alikumbuka jambo. Siku chache kabla baba hajapima, yeye alikata kipande chake akakifanya kamba ya kuruka. Ilikuwa ndefu vile, nani angejua? Sasa aliona wazi kwamba kama kamba ilikuwa fupi, basi na shamba lilikuwa dogo kuliko baba alivyodhani. Baba angeitwa mwongo. Na bila ruzuku, mbegu za msimu ujao zingetoka wapi?

Angenyamaza, panya wa stoo wangelaumiwa. Lakini kwenye ile fomu liliandikwa jina la baba, si la panya. Afisa alikuwa tayari anatafuta kitufe cha kuwashia kifaa chake.

"Subiri, tafadhali!" Bi Kwanini alipaza sauti. "Baba, nilikata kamba yako. Nilitaka ya kuruka."

Baba alimtumbulia macho. "Lini?"

"Kabla hujapima shamba."

Afisa alikunja uso. "Mzee, huyu mtoto amefundishwa maneno?"

Bi Kwanini hakungoja baba ajibu. Alikimbia ndani akarudi na kamba yake ya kuruka. Ncha yake moja ilikuwa na rangi nyekundu, sawa na ncha moja ya kamba ya baba. Baba ndiye aliyezipaka ncha zote mbili siku aliyoinunua. Afisa alivuta tepu yake. Kamba ilikuwa mita arobaini na sita, kipande mita nne.

"Hamsini kamili!" afisa alisema, uso ukikunjuka. "Bahati yenu sijapima. Kabla ya kupima, fomu inarekebishwa. Baada ya hapo, hairekebishwi."

Bi Kwanini alipiga hesabu upya mchangani kwa kijiti. Baba alifuta mbili, akaandika moja nukta saba. Walipozunguka shamba, kifaa nacho kikaonyesha moja nukta saba. Baba alishusha pumzi ndefu.

Afisa alipoondoka, baba alisema, "Utapalilia wiki nzima."

"Kwa nini wiki nzima?"

"Kwa sababu unauliza kila kitu, ila hukuuliza, 'Baba, naomba kuikata?'" Akamshika bega. "Tutapata ruzuku pungufu, lakini tumo kwenye orodha, na ni kwa sababu yako. Kukosea tunakosea sote, mwanangu, hata mimi niliyepima bila kuikagua kamba. Ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado linarekebishika."