Ulimbo Sakafuni

Walikutana penye msongamano, mlangoni mwa ukumbi wa mpira wa mikono wa Incheon, timu nane zikigombania njia moja. Hyosun, mkandaji misuli wa timu ya taifa ya wasichana, alikuwa na suti ya michezo ya buluu, barafu mkono huu na bendeji mkono ule, mara kiatu chake kikagoma kuinuka.

"Umekanyaga ulimbo, dada," akasema mwanamume wa ovaroli ya kijivu. "Wasichana wako wanajipaka vidoleni ili mpira usiwaponyoke, halafu sisi tunaosugua ndio tunaokwisha magoti."

"Niletee hayo magoti. Ndiyo kazi yangu."

Huyo ndiye Pyo Sangdu, msimamizi wa sakafu. Alichutama akaisugua soli kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia. Kwa miaka kumi na moja Hyosun ndiye aliyeinamia miguu ya watu. Siku hiyo aliinamiwa yeye, na machozi yakamlengalenga. Mwaka mzima wakapendana zaidi kwa simu kuliko kwa macho, maana kambi zake hazikuisha.

Kisha mashindano ya kimataifa ya vijana yakawadia. Mechi za mwanzo zilikuwa mjini Suwon. Fainali tu ndiyo ingechezwa ukumbini kwa Sangdu. Asubuhi ya ufunguzi, basini, mlinda mlango wao akitapika kwa woga ndani ya mfuko ambao Hyosun alimshikia, ujumbe wa Sangdu ukaingia.

"Busan wananitaka nikasimamie ukumbi mpya. Wanataka jibu Ijumaa. Ukisema nibaki, nabaki."

Aliusoma kwa jicho moja. Ile namba moja inayokaa kando ya ujumbe mpaka usomwe ikafutika. Nitampigia jioni, akajisemea. Jioni kocha akapitisha mfuko wa kitambaa.

"Simu zote. Tukiwanyima watoto, na sisi wakubwa tujinyime."

Angeweza kuomba dakika mbili. Hakuomba, alikuwa amechoka hata kuomba. Na kwao, ujumbe uliosomwa usijibiwe huwa umejibiwa, wala mtu mwenye haya zake haulizi mara ya pili.

Jumapili, kwenye fainali, walifungwa na Japani kwa bao moja. Hyosun alifungua bendeji kumi na nne, akafuta machozi yasiyo na idadi, akarudishiwa simu yake. Hapakuwa na neno jipya la Sangdu. Akashuka uwanjani, mgongo ukimuuma.

Sangdu alikuwa amepiga magoti mbele ya goli, akisugua. Nywele amezikata fupi, na uso umemsinyaa.

"Poleni kwa bao lile," akasema bila kuinua kichwa.

"Ijumaa uliwajibu nini?"

"Niliwakubalia. Ulisoma ukanyamaza. Nilikuwa naitazama ile namba, Hyosun, nikaiona ikifutika. Siku sita nimekaa na simu kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo."

"Simu zilikusanywa."

"Za watoto."

"Na zetu. Muulize kocha."

Akaacha kusugua. "Na kabla hazijakusanywa?"

Hapo hakuwa na pa kujificha. "Nilikuwa na mchana mzima. Nilichoka, Sangdu. Sikukuchoka wewe. Na jibu langu nilitaka ulisikie kwa mdomo wangu, maana likiandikwa linatisha."

"Jibu gani hilo?"

"Nenda."

Sangdu akacheka kicheko kikavu. "Hilo nililisikia bila hata kuambiwa."

"Hukulisikia lote. Nenda, utafute nyumba karibu na ukumbi, isiwe ya ngazi nyingi. Mkataba wangu unakwisha Machi. Leo asubuhi nimemwambia kocha siendelei. Au huko Busan watu hawaumwi viungo?"

Mwanamume akaketi sakafuni kwa kishindo, kitambaa mkononi. Alimtazama kama mtu aliyepewa hesabu asiyoiamini.

"Kwa hiyo nimekonda bure?"

"Umekonda kidogo tu. Usijisifu."

"Usinichekeshe, nina hasira." Akajipangusa jasho kwa kiwiko. "Ubaya ni kwamba nimeshamwambia mama umeniacha. Alilia. Mtungi wa kabichi ya kimchi aliokuwekea akawapa majirani."

"Mpigie umwambie."

"Mimi hataniamini. Atasema najifariji. Halafu ona mikono yangu."

Mikono yake ilikuwa imelowa mafuta na ulimbo hadi kwenye vifundo. Hyosun akapiga magoti kando yake, akamtolea simu mfukoni mwa ovaroli, akalitafuta jina la mama. Moyo ulimdunda kuliko dakika zote za fainali. Ilipoanza kuita alichukua kitambaa kwa mkono wa pili, akaendelea kusugua pale Sangdu alipoachia.

"Haloo, Sangdu?" ikasema sauti ya mama mzee.

"Si Sangdu, mama. Ni mimi, Hyosun. Nilichelewa kujibu."