Thuraya na Mwenza

"Mwenza wako anaitwa nani?"

"Acha wazi."

"Siwezi kuacha wazi, dada. Kadi yako imejaa, safari ni ya watu wawili, mteja na mwenza. Kule Ujiji lazima wajue wanampokea nani."

Thuraya binti Muhanna aliegemea kaunta, akacheka kama mtoto aliyeficha pipi mdomoni.

"Andika Thuraya na mwenza, basi. Atakayesoma ataelewa mwenyewe."

Apolinaria, karani wa ofisi ya safari pale Tabora mjini, akamtazama juu ya miwani.

"Simu ya maandishi inalipiwa kwa neno, lakini jina moja halitatufilisi."

"Nataka kumshtua, Apolinaria! Wewe peleka tu."

Apolinaria akaguna, akaipeleka posta vile vile alivyoambiwa: SILASI NGOLLO UJIJI. JUMAMOSI MPOKEE THURAYA NA MWENZA.

Kadi yenyewe ilikuwa ya duka moja la sokoni lililokuwa likikopesha. Unachukua bidhaa leo, unalipa mwisho wa mwezi, na kila ukilipa unagongewa muhuri wa pembe ya ndovu. Kadi ndogo ikijaa, unapelekwa bure Kwihara na kiongozi anayekueleza habari za misafara ya zamani. Kadi kubwa ikijaa, unapanda treni mpaka Kigoma, unaonyeshwa Ujiji yote, njia ilikoishia. Mwaka ule wa sabini na mbili watu wengi walizichukua kadi zile kama mchezo. Thuraya hakucheza. Alizijaza kwa kuwanunulia mpaka majirani, sabuni zao na mafuta yao ya taa, mpaka baba yake, Mzee Muhanna mwenye duka la asali na nta, akaja juu.

"Mtoto wa duka anakopa duka la watu! Nimekunyima nini, Thuraya? Na sabuni zote hizi, nani anaoga hivi katika nyumba hii?"

Masikini, angejua! Kiongozi wa Kwihara alikuwa Silasi Ngollo, kijana wa Choma, Igunga, mrefu, mweusi, ana sauti ya kukufanya usahau ulikotoka. Watu walimtania kwa jina la zamani la waliotangulia mbele ya misafara, wakamwita Kirangozi. Thuraya alikwenda Kwihara na shangazi yake Khole mara nyingi mno, mpaka Khole angeweza kuwaongoza wageni yeye mwenyewe.

"Hapa," Silasi angewaambia wageni, "mpagazi mmoja alitua mzigo, akainua macho kwenye dirisha lile. Alichokiona kilimfanya asahau njia."

Wageni wanaandika mbio mbio. Mpagazi gani? Hakuna cha mpagazi wala nini. Wiki iliyopita Thuraya ndiye aliyekaa dirishani pale akila karanga.

Silasi alipokuja kuposa, Mzee Muhanna alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha kahawa, kisha akasema:

"Babu yako alibeba pembe za babu yangu mpaka Bagamoyo. Unalijua hilo?"

"Nalijua, mzee. Huwaeleza wageni kila siku."

"Basi nitakukabidhije binti yangu?"

"Kama ni dini, nitasilimu."

"Dini utabadili. Na babu utambadili?"

Silasi akaondoka na kahawa yake haijanywewa. Haukupita muda akahamishiwa Ujiji, na huku nyuma ikaja posa ya Sulemani, binamu aliyekuwa Maskati, mwenye kazi nzuri na haraka ya kuoa. Mzee akakubali. Maneno yalifika Ujiji kabla ya Thuraya kupata nafasi ya kuyaeleza. Siku moja simu ya dukani ikalia, akaiwahi.

"Nasikia kuna Sulemani," ilikuwa sauti ya Silasi, mbali, inakwaruza.

"Silasi, nisikilize. Mimi sijakubali. Nina kadi, imebaki kidogo tu kuj..."

Laini ikakatika. Alipiga ukelele "haloo, haloo" mpaka wateja wakamgeukia. Silasi alisikia mpaka wapi? Thuraya hakujua, na ile furaha ya kadi ilimfanya asiulize.

Jumamosi ilikuwa ndiyo nafasi yake ya mwisho. Wiki inayofuata alikuwa apelekwe Dar es Salaam kupanda ndege ya Maskati. Jioni ya Ijumaa, stesheni ya Tabora, shangazi Khole alikuwa ameshika kikapu cha chakula.

"Baba yako anajua nakwenda nawe."

"Wewe utalala kwa shoga yako mtaa wa Chemchem, shangazi. Jumapili jioni unakuja kunipokea, tunarudi nyumbani pamoja."

"Na kiti changu nani atakikalia?"

"Silasi, wakati wa kurudi. Tunakwenda bomani Kigoma, tunaandikishwa. Baba atatukuta tumeshakuwa mume na mke."

Khole akaweka kikapu chini.

"Kumbe huyo mwenza uliyemwandika kwenye simu ndiye yeye?"

"Ndiye yeye! Nani mwingine? Bibi si alikuwa akisema, njiani mwenza wako ni yule mnayekula naye chungu kimoja?"

"Bibi yako alisema hivyo," Khole akajibu taratibu. "Sijui kama na kina Silasi husema hivyo."

Treni ikapiga honi. Thuraya akambusu shangazi yake, akachukua kikapu, akapanda.

Usiku kucha hakulala kwa raha. Asubuhi, Kigoma, alishuka amevaa gauni la kijani na buibui jipya, macho yakimtafuta mrefu kuliko wote. Akaja kijana mfupi, mpole, kofia mkononi.

"Karibu, Bi Thuraya. Naitwa Hilari. Mimi ndiye nitakayewaongoza." Akachungulia nyuma yake. "Na bwana yuko wapi?"

"Bwana gani?"

"Mwenza. Bwana wako."

Thuraya akageuka, akawatazama watu wa stesheni mmoja mmoja.

"Silasi yuko wapi?"

"Ameondoka juzi. Alisoma simu, akacheka vibaya, akaniambia, Hilari, mimi siwezi kumwonyesha mume wa Thuraya mahali ambapo..." Hilari akasita. "Samahani, dada. Alisema anakwenda kwao Choma. Mama yake kamposea msichana, Marcelina, na yeye alikuwa anakataa. Safari hii kaenda kukubali."

"Kashaoa?"

"Kesho ndiyo ng'ombe wanaswagwa kupelekwa ukweni."

"Mwenza ni yeye!" Thuraya akalia mbele ya watu, hana habari nao. "Mwenza ni yeye, Hilari! Nilikuwa namwita yeye!"

Hilari akamshika mkono, wakakimbia posta.

Thuraya aliomba apigiwe Tabora, akiomba Mungu apokee yeyote dukani asiwe baba. Akapokea baba.

"Shangazi yako nimemkuta Chemchem anakula mihogo," Mzee Muhanna akasema. Hakupandisha sauti. "Ameniambia yote."

"Baba, nipige, nifungie, nipeleke Maskati, lakini mtume mtu Choma leo. Mtume dereva wako Kashindye na lori. Silasi anadhani nimeolewa. Kesho anaoa kwa hasira."

Thuraya alisikia mizani ya duka ikigonga kule mbali.

"Baba?"

"Unalia, mwanangu?"

"Nalia, Baba. Nampenda. Nilikwambia nikiwa nacheka hukuamini, sasa nakwambia nikilia."

Mzee akashusha pumzi ndefu.

"Njoo nyumbani. Kashindye ataondoka sasa hivi. Nitamwambia amlete huyo Ngollo hapa kwangu, tuongee."

Thuraya hakuamini masikio yake. Alirudi kwa treni ya jioni, kiti cha pembeni kitupu, kikapu kimekaa juu yake. Mkagua tiketi alipomuuliza kama kiti kina mtu, akasema kina.

Kashindye alirudi Jumatatu, lori limetapakaa tope mpaka kwenye vioo. Thuraya alimkimbilia uani.

"Shikamoo, Bi Thuraya," akasema dereva, ingawa yeye ndiye mkubwa.

"Kashindye, yuko wapi?"

"Mbuga ilijaa maji. Nimelala njiani, nimevutwa na maksai. Nimefika Jumapili jua limeshapinduka." Akaivua kofia. "Ng'ombe walikuwa wameshaingia zizini kwa kina Marcelina. Mmoja ameshachinjwa, watu wanakula nyama, wazee wameshabariki. Bibi harusi amekaa ubavuni kwake, mtoto mzuri, mwenye haya, hajui lolote."

"Ulimwambia?"

"Ningemwambia nini? Niseme ng'ombe warudishwe, yule binti abaki na aibu kijiji kizima? Nilishindwa, Bi Thuraya. Nisamehe."

"Yeye alisemaje?"

"Aliniuliza, Thuraya hajambo? Nikasema hajambo. Akauliza, na mwenza wake? Nikanyamaza."

Mzee Muhanna alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama binti yake, akarudi ndani. Siku ile hakufungua duka.

Siku moja kabla ya kupanda treni ya Dar es Salaam kwenda kwa Sulemani, Thuraya aliingia ofisi ya safari. Apolinaria alishasikia, Tabora ni ndogo. Alianza kulia kabla ya salamu.

"Ni mimi, Thuraya. Ningelazimisha jina siku ile..."

"Si wewe. Nataka kupeleka simu Choma."

"Mwambie kweli! Mwambie yote, nitakulipia kila neno!"

"Itafikia kwa mwenyekiti wa kijiji, Apolinaria. Ataisoma mbele ya watu, na Marcelina atakuwa amekaa pale. Nimweleze mume wake kwamba alioa kwa kukosea?" Thuraya akajifuta macho kwa ncha ya buibui. "Namtaka alale usingizi. Angalau mmoja wetu alale."

Apolinaria akashika kalamu. Thuraya akamtajia polepole, naye akaandika: SILASI NGOLLO CHOMA. HONGERA. THURAYA NA MWENZA.

Apolinaria aliyasoma yale maneno mara mbili.

"Na mwenza... mara hii niandike jina?"

"Acha wazi," akasema Thuraya.