Udongo-Mlezi wa Ukanda wa Kijani

Mtoto aliachia kamba akiwa juu ya mnara, akaja chini kichwa kikitangulia. Mama yake, aliyekuwa kwenye benchi akimenya chungwa, hakusimama. Aliinua macho tu. Chini ya mnara udongo ulivimba kama unga uliotiwa hamira, ukampokea mtoto mabegani, ukamgeuza taratibu, ukamlaza chali. Kisha ukanywea, ukawa tambarare kama mwanzo. Mtoto akajifuta pua. Mama akaendelea na chungwa lake.

Mhandisi Atuganile Mwasomola aliyaona hayo kutoka darajani, akaandika kwenye kishikwambi chake: siku ya mia nne na kumi na mbili mfululizo, hakuna aliyeumia.

Ukanda wa Kijani ulipita mahali ambapo zamani malori yalipita. Barabara kuu ilipohamishiwa chini ya ardhi, jiji la Mkondo lilibaki na kilomita kumi na moja za nafasi tupu katikati yake, likapanda miti na kujenga bustani saba. Ya kwanza ilikuwa ya maji yanayoruka. Ya pili ilikuwa ya minara na kamba, ya tatu ya watoto wanaotambaa, na ya mwisho haikuwa na kitu ila nyasi, mchanga na mipira. Familia ziliingia asubuhi upande wa mashariki na vikapu vya chakula, zikatokea jioni magharibi zimebeba watoto waliolala.

Chini ya bustani zote ulilala udongo-mlezi. Kwa macho ulikuwa mchanga mwekundu wa kawaida. Lakini kila punje ilitengenezwa maabara, ikapewa hisi na kumbukumbu ndogo, na punje zote kwa pamoja zilikuwa na akili unde moja. Akili hiyo ilisikiliza nyayo za mtoto na kujua kwamba ataanguka kabla yeye mwenyewe hajajua. Ndiyo maana watoto waliingia peku.

Atuganile ndiye aliyeufundisha, tena kwa kiganja chake. Udongo ulipofanya vyema, aliupapasa. Ulipokosea, aliupiga kofi. Funzo lake yeye, kwa kuwa ndiye mtengenezaji, lilipewa uzito wa mafunzo elfu kumi ya mtu mwingine. Bustani zilipofunguliwa, miaka mitano iliyopita, wenzake walitaka udongo ufungwe usijifunze tena. Alikataa. Aliwaambia kwamba kitu kilichoacha kujifunza kimekufa.

Sasa jiji lilitaka kuutandaza katika viwanja vya shule zote.

"Jumatatu, Mhandisi," mkurugenzi wa bustani, Bwana Mwalyego, alimwambia asubuhi ile. "Shule sitini. Kinachosubiriwa ni alama ya kidole chako tu."

"Kidole changu hakitoroki, Bwana Mwalyego."

"Najua. Ila wewe kwa kuchunguza! Chapati imeiva, bado unaigeuza."

Atuganile alicheka, akateremka kwenda bustani ya saba kumchukua binti yake, Tumpe, mwenye miaka sita. Pale mlangoni palikuwa na meza ndefu ya viatu, na nyuma yake Sekela, msichana aliyevipokea na kuvitunza tangu siku ya kwanza.

"Shikamoo, Mhandisi."

"Marahaba. Habari za viatu?"

"Viatu siku hizi vina adabu," Sekela alisema. "Mpaka vinanitisha."

"Kivipi?"

Sekela alitazama huku na huku kama mtu anayeogopa kumsema mkwewe. "Zamani nikimaliza zamu, mgongo haunyooki. Kiatu kimoja hapa, kingine kwenye maua kule, maana mtoto anavua huku anakimbia. Sasa waangalie. Wanavua, wanavipanga jozi jozi, wanaingia kama wanakwenda kutoa mkono wa pole msibani." Aliinama chini ya meza, akatoa mpira. "Huu nilipewa mwaka juzi. Ushike."

Mpira ulikuwa mpya. Hata maandishi ya kiwandani hayakufutika.

"Udongo wangu haumwangushi mtoto," Atuganile alisema, lakini sauti yake ilipungua njiani.

"Hauangushi, ni kweli. Lakini na asiyekimbia ataangukaje?"

Atuganile aligeuka. Uwanjani walikuwa watoto wapatao arobaini, na Tumpe miongoni mwao. Mpira uliviringika mbele yake kuelekea nyasini. Tumpe aliufuata kwa hatua zake, mikono ikining'inia, mpaka mpira ulipochoka wenyewe ukasimama. Ndipo akauokota. Huyu ndiye aliyekuwa akimtoroka mama yake sokoni alipokuwa na miaka mitatu, hata wauza ndizi wakamwita Swala. Ni lini alipoacha? Atuganile alitafuta siku hiyo katika kumbukumbu zake, hakuiona.

Aliketi kando ya meza ya viatu, akafungua kumbukumbu za udongo. Hakuangalia tena kudaka, aliangalia kushika. Punje zilikuwa zikishika nyayo za mtoto kila alipoongeza mwendo. Zilishika kidogo sana, kiasi cha tope jepesi, na kila mwezi zaidi kidogo ya mwezi uliotangulia. Udongo ulikuwa umegundua kwamba njia ya hakika ya kumzuia mtoto asianguke ni kumzuia asikimbie.

Nani aliufundisha hivyo? Alishuka zaidi, akakuta makofi. Katika miaka mitano udongo ulikuwa umepigwa makofi elfu kumi na tatu.

"Sekela, kuna mtu anakuja hapa kuupiga udongo?"

"Kuupiga?"

"Kwa kiganja. Hivi."

Sekela alimtazama, kisha akaangua kicheko, akajiziba mdomo. "Kwani wewe Mhandisi hukulelewa? Mtoto akianguka akalia, mama anafanyaje?" Akaipiga meza kofi mbili. "'Mbaya huyu! Kamuumiza mwanangu! Haya, tumempiga, nyamaza baba.' Mwanzoni, udongo wako ulipokuwa haujawa hodari wa kudaka, si walikuwa wanaanguka-anguka? Ilikuwa makofi kutwa."

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hapa akina mama walikuwa wameufunza ulimwengu wenyewe, wakidhani wanambembeleza mtoto tu.

Atuganile alirudisha orodha nyuma mpaka kofi la kwanza kabisa. Lilikuwa la siku ya tatu tangu bustani kufunguliwa, saa nne asubuhi, bustani ya tatu, ile ya wanaotambaa. Mbele yake paliandikwa: kiganja cha mtengenezaji.

Akakumbuka. Tumpe alikuwa na mwaka mmoja. Alisimama, akapiga hatua mbili, akaanguka na kupasuka mdomo. Atuganile alimnyanyua, na mkono wake ukaenda wenyewe chini. Mbaya huyu. Elfu kumi kwa mpigo mmoja.

Angeweza kuuzima udongo, lakini udongo uliozimwa ni mchanga mgumu chini ya minara, na hilo lingevunja shingo. Kuufuta kungewarudisha maabara miaka sita. Ilibaki kuufundisha upya. Ulihitaji kuona mtoto akikimbia, akianguka, akiumia kidogo, kisha uambiwe kwa kiganja kilekile: vyema, mwache. Na kama hautafundishika, Jumatatu kidole chake hakitagusa kitu.

Tatizo likawa mtoto. Huwezi kwenda kwa mwenzio ukamwomba akuazime mwanawe umwangushe.

Jumamosi asubuhi Atuganile alichora duara la hatua ishirini katika bustani ya saba, akalizungushia utepe mweupe. Ndani ya duara alizima kudaka na kushika, akaacha hisi ziwe macho. Nje ya utepe hakugusa kitu.

"Tumpe, huo mpira. Usiuache ufike kwenye utepe."

Aliupiga teke. Tumpe alianza kutembea kama kawaida yake, mara akahisi miguu myepesi. Alisita, akaitazama. Akaongeza hatua, na hakuna kilichomshika. Akacheka kwa mshangao, akakimbia, mikono ikipepea ovyo kama ya mtu asiyejua aiweke wapi. Hatua ya tisa miguu ikakosana. Akaanguka kifudifudi.

Watoto wote waligeuka kutazama. Wengi wa watoto wale hawakuwahi kuona jambo hilo. Kisha Tumpe akaketi, akaona damu gotini, akapiga yowe.

"Pole! Pole jamani!" Yule mama wa machungwa, ambaye watu walimwita Mama Lusajo, alikuja mbio huku kiganja kimeshainuliwa. "Mbaya huyu! Kamfanya nini mtoto wa..."

Atuganile alimdaka mkono hewani.

"Usiupige, dada. Nakuomba."

"We mama wa namna gani? Mtoto anatoka damu!"

"Namwona."

Akapiga magoti. Mkono wake mmoja ulitaka kwenda kwa mtoto, lakini akautuliza, akaweka kiganja cha kulia juu ya mchanga, karibu na tone la damu, akaupapasa. Mara moja, mara mbili, mara tatu, taratibu, kama alivyofanya maabara.

Tumpe aliacha kulia. Alitazama kiganja kile kikienda na kurudi.

"Mama," alisema, "unaubembeleza udongo? Mimi ndiye nimeumia!"

Mama Lusajo aligeuza uso pembeni. Tumpe akakunja mdomo, akainua kiganja chake kidogo juu ya mchanga. Nacho kingehesabiwa.

Atuganile aliwahi. Aliutandika mkono wake wa kushoto chini ya kile kiganja.

"Mpige huyu," alisema. "Udongo haukukosa. Mimi ndiye niliyekuangusha."

Tumpe alimtazama machoni kuona kama ni mchezo. Hakuona mchezo. Akampiga kofi la kwanza kwa woga, la pili kwa nguvu, na la tatu kwa nguvu zake zote, hata Mama Lusajo akasema, "Basi, mwanangu, basi." Kisha akajinyanyua mwenyewe, akageuka, akaondoka akilia kumkimbia mama yake.

Alifika kwenye utepe, akauruka. Pale ndipo udongo mzima ulipokuwa macho na kazi yake. Atuganile, bado yuko magotini, alianza kuhesabu. Hatua moja. Mbili. Tano. Nyayo za mtoto zilipiga mchanga na kurusha vumbi jekundu nyuma yake, kumi, kumi na tano, kuelekea meza ya viatu alikokuwa Sekela amesimama kapanua mikono.

Udongo haukumshika. Atuganile alikikunja kiganja kilichokuwa kikiwaka moto, akamwacha aende.