Mkono Uliomfunga Mpole

Mama yangu mdogo si mtu wa kuzua mambo. Ni mtu wa kuamka, kufagia, kukamua, kuchemsha, na kukujibu kwa mkato ukimzidishia maswali. Ndiyo maana aliponisimulia haya sikucheka. Na ya mwisho niliyakuta mwenyewe.

Alikuwa akiishi na mumewe, baba mdogo, ambaye ni fundi seremala, pamoja na mama mkwe wake aliyepoteza macho miaka mingi nyuma. Uani walikuwa na banda la mbao na ng'ombe mmoja wa maziwa, jina lake Mpole. Baba mdogo alimpenda ng'ombe yule kupita kiasi. Wenzake wa karakana walimtania kwamba ana wake wawili, mmoja ana mkia. Naye aliwajibu kwamba huyo wa mkia ndiye asiyemnunia.

Siku moja Mpole alikata kamba akapotea. Walimtafuta mpaka wakachoka. Mchana akarudi mwenyewe, polepole, akichechemea mguu wa nyuma. Alikuwa amekatwa juu kidogo ya kwato, pengine na bati au seng'enge. Lakini jeraha lilikuwa limekwisha kufungwa. Mtu alikuwa amelizungushia kitambaa, akakikaza kwa fundo dogo, safi.

Mama mdogo alifurahi. Alipokuwa akifungua fundo lile alisema kwa sauti, kama mtu anavyosema tu, kwamba aliyemsaidia ng'ombe wake Mungu ambariki, na siku yoyote aje, hapa ni kwake.

Ndipo akakitazama kile kitambaa. Kilikuwa cha gauni lake. Maua yaleyale ya manjano, rangi ileile iliyopauka kwa jua. Akajitazama. Gauni alikuwa amelivaa, na halikuwa na tundu wala mkato popote.

Akakitupa kwenye shimo la taka akaendelea na kazi, maana kidonda hakingoji mtu amalize kushangaa. Alimfunga Mpole kwenye nguzo, akapunguza manyoya kuzunguka jeraha kwa mkasi, akaliosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi hadi mchanga wote ukatoka, akakausha, akapaka dawa ya rangi ya zambarau, kisha akafunga bandeji. Baba mdogo alileta gunia la maranda kutoka karakana, wakatandika sakafuni ili mguu usikae kwenye unyevunyevu na kuita inzi. Kesho yake alikuja daktari wa mifugo. Akaisifu kazi, akamchoma Mpole sindano, akaacha agizo moja: maziwa yasinywewe mpaka dawa iishe mwilini. Yamwagwe yote.

Mama mdogo akawa anayamwaga. Yalimuuma, lakini aliyamwaga kila alipokamua. Asubuhi moja alirudi na ndoo tupu, akamkuta baba mdogo mezani, kikombe mkononi, midomo ina povu jeupe. Akamuuliza anakunywa nini. Akajibiwa ni maziwa. Akauliza yametoka wapi.

Baba mdogo akamtazama kama mtu anayetaniwa. "Si umeniletea wewe sasa hivi."

Sufuria ilikuwa jikoni, bado ya moto. Mama mdogo akajiambia labda ni mama mkwe, ingawa bibi yule alikuwa hajawasha jiko tangu apofuke. Akamfuata chumbani. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, kikombe chake kimeshakauka. Hakuulizwa chochote. Alinyoosha mkono akauomba wa mkwewe, akaupapasa kidole kwa kidole, muda mrefu, kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Huu una joto," akasema. Basi.

Tangu siku ile kazi zikaanza kumtangulia. Akichukua fagio, anakuta uwanja umeshafagiwa. Nguo alizoloweka anazikuta kambani. Bandeji aliyomfunga Mpole jioni, asubuhi anakuta nyingine, imezungushwa vizuri kuliko yake. Jirani alimwambia kwamba siku hizi amekuwa mchangamfu, anasimama njiani kusalimia, hata anacheka. Mama mdogo alikuwa hajatoka nje ya geti tangu ng'ombe aumie. Baba mdogo naye alinawiri. Alimwambia mkewe, kwa upendo kabisa, kwamba siku hizi anafanya kazi ya watu wawili.

Daktari alirudi kukagua kidonda. Akafungua bandeji. Ndani palikuwa pekundu, pasafi, nyama mpya inaota. Akainama karibu zaidi. Akauliza ni nani aliyeiondoa nyama iliyooza. Mama mdogo akasema hajui. Daktari akamvuta pembeni, akashusha sauti kana kwamba ng'ombe angesikia.

"Hapa hakikupita kisu. Haya ni meno. Ya mtu."

Akanawa mikono bombani, akanawa tena, akaondoka bila kuaga. Walipompigia baadaye hakupokea simu.

Mama mdogo alimsihi mumewe wamuuze Mpole. Baba mdogo akakataa. Nani atanunua ng'ombe mwenye kidonda? Kipone kwanza, ndipo waongee. Alilisema hilo akitazama nje, kuelekea bandani, na mama mdogo anasema alikuwa akitabasamu.

Ilikuwa mchana kweupe yalipomfika. Alikuwa jikoni akichambua mchele. Jua lilikuwa kali, nje kimya, hata kuku wamejificha kivulini. Akasikia mtu anaongea bandani.

"Tulia, mama. Tulia. Karibu namaliza."

Ilikuwa sauti yake.

Aliuweka ungo chini. Akatembea kwa vidole hadi kwenye ukuta wa banda. Mbao zilikuwa na ufa. Akachungulia.

Mwanamke alikuwa amechuchumaa, amempa mgongo. Gauni la maua ya manjano. Mikono inazungusha bandeji, haraka, bila kusita. Kwenye kidole gumba, kovu la kisu. Mama mdogo akatazama kidole gumba chake. Kovu ni lilelile. Mpole alikuwa akitetemeka mwili mzima, ila mguu hakuusogeza.

Mwanamke hakugeuka.

"Nenda ukapumzike," akasema kwa upole. "Umechoka. Nitamalizia mimi."

Mama mdogo alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akaingia chumbani kwa mama mkwe, akatia komeo. Mama mkwe akautafuta mkono wake. Akaupapasa. Akamvuta mpaka sikio likagusa mdomo.

"Mwanangu, ondoka leo. Ameanza kuniuliza unalala upande gani wa kitanda."

Alimwomba waende wote. Bibi akakataa, akasema miguu yake itamchelewesha, na kwamba yule hana haja na kizee. Mama mdogo akapita karakana kumweleza mumewe. Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia ni uchovu, aende kwa dada yake akapumzike, yeye atamfuata. Dada yake ndiye mama yangu. Alifika kwetu jua halijazama, bila mzigo, kiatu kimoja kimekatika ukanda.

Mama akampigia baba mdogo kumjulisha kwamba mkewe amefika salama. Simu ilikuwa na sauti kubwa, sote tulisikia. Alikuwa anatafuna.

"Amefika wapi?" akauliza. "Mbona yuko hapa ananipakulia."

Mama alikata simu. Mama mdogo akaanza kulia bila sauti, mikono yake imefumbata magoti.

Kesho yake nikatumwa mimi kwenda kumchukua bibi. Nilianzia karakana. Baba mdogo alikuwa akipiga randa, maranda yamemjaa miguuni. Nikamsalimu, nikamweleza nilichofuata. Akaitikia kana kwamba namwomba msumari. Akasema bibi yupo ndani, na mama mdogo yupo bandani, nikamsalimie. Nilipogeuka kuondoka, randa ikanyamaza. Akasema kwa sauti ya chini, bila kuinua uso:

"Usimwambie kwamba yule wa kwanza yuko kwenu."

Nilikwenda hivyohivyo. Geti lilikuwa wazi. Uwanja umefagiwa, mistari ya fagio imenyooka kama imepigwa rula. Bandani hapakuwa na mtu. Mpole alisimama kwa miguu yote minne, mguu mzima kabisa, hana bandeji, hana kidonda. Aliponiona alijaribu kunifuata. Kamba ikambana. Akajaribu tena.

Kisha sauti ikaniita kutoka jikoni.

"Mwanangu, umefika? Mbona umekonda hivyo?"

Ni mama mdogo huyo. Vilevile anavyonisema kila nikimtembelea. Na niseme kweli, moyo wangu ulitaka kuitikia. Sikuitikia. Sikugeuka. Niliingia chumbani kwa bibi, nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga mabegani, yuko tayari. Nikambeba mgongoni. Tukatoka.

Nyuma yetu kulikuwa na mtu. Anatembea peku. Nikiongeza mwendo, anaongeza. Nikipunguza, anapunguza. Nilisikia pumzi yake karibu na shingo yangu, na bibi akanikaba kwa mikono yake miembamba. Tulipovuka geti, nyayo zikaishia pale.

Ndani ya basi bibi aliniuliza kama nilimtazama. Nikamwambia hapana. Akasema vizuri.

Sasa mama mdogo na mkwewe wanaishi kwetu, chumba kimoja. Bibi hulala amemshika mkono, na akiamka huanza kwa kuupapasa. Baba mdogo hajawahi kuja kumfuata mkewe wala mama yake. Hapigi simu. Tumepiga sisi, na wakati mwingine hupokea mwanamke, basi tunakata. Wanaopita kule wanatuambia anaonekana ana furaha tele, ila karakana hafungui tena, na akitembea anachechemea. Mguu wake umefungwa bandeji, wanasema, tena imefungwa vizuri sana.

Lipo jambo ambalo sijamwambia mama mdogo, na sijui kama nitamwambia. Asubuhi ile, nilipokuwa napanda basi kwenda kumchukua bibi, shati langu lilinasa kwenye chuma cha kiti, likachanika nyuma, karibu na bega. Jioni niliporudi nikalivua ili nilitie uzi. Sikuona pa kushona. Mchaniko ulikuwa umezibwa kwa mishono midogo, myembamba, iliyopangana kama meno ya kitana.

Shati lile sikuwa nimelivua siku nzima. Nikaligeuza. Fundo la uzi lilikuwa upande wa ndani, upande wa ngozi.