Masharti ya Nabwike

Sauti ya Nabwike ilitoka ukutani na kumkaribisha fundi chai, kama ilivyomkaribisha kila mgeni tangu mwenyewe azikwe miaka sita nyuma. Mbeya ya wakati huo ilizika mwili tu. Kumbukumbu za mtu ziliwekwa ghalani, na ghala likapachikwa kwenye ukuta wa nyumba yake.

Masharti yake yalikuwa mawili. Asome tu, yaani asishike jambo jipya. Na asitende, yaani asiguse mitambo ya nyumba.

Mumewe, Mzee Mwakalobo, alitaka la kwanza liondolewe. Mjukuu alikuwa amezaliwa, na kila alipompa mkewe habari, kesho yake mkewe aliuliza binti yao ataolewa lini. Kumwambia mtu jambo lile lile kila asubuhi, alisema mzee, ni kumzika upya.

Kwa fundi Lusekelo hiyo ilikuwa kazi ya dakika mbili. Ghala halikuhitaji kubanduliwa. Masharti hubadilishwa likiwa palepale. Ila mtambo unaoendesha ghala ulikuwa na tabia yake. Ukiutajia ghala peke yake, unafungua daftari lake, unachukua masharti ya zamani na kuongeza lako. Ukiutajia ghala pamoja na nyumba, mtambo hudhani umekuja na masharti yako yote, na daftari haulifungui. Usilolisema limefutika.

Lusekelo alilijua hilo. Lakini kwao marehemu hatajwi nusunusu mbele ya mumewe. Akatamka kwa adabu, "Nabwike binti Mwasomola, wa nyumba ya Mwakalobo. Aandike."

Jiko likawaka lenyewe. Mapazia yakajifunga mchana kweupe. Kisha komeo la mlango likaingia, taratibu, kama limesukumwa na mkono.

Ndipo fundi akaona kosa lake. Sharti la kutotenda hakulitaja. Akaamuru upesi Nabwike arudi kusoma tu. Mtambo ukakataa: ghala lina shughuli, kuna kinachoandikwa.

Kilichoandikwa kilionekana kwenye kioo cha ghala, pale ukutani. Ghala lina shughuli, kuna kinachoandikwa. Chini yake, jina la fundi, na maneno mapya: asitoke kabla ya kula.

Kila neno lililosemwa chumbani lilikuwa likiingia ghalani.

Lusekelo akamsogelea mzee, akamnong'oneza sikioni, "Baba, tunyamaze nusu dakika tu. Akitulia, nitamfunga."

Mzee alitazama komeo. Miaka sita alikuwa akilifunga mwenyewe, na kila jioni Nabwike alikuwa akimuuliza kama amelifunga. Akatazama jiko. Wakanyamaza. Kwenye kioo herufi zikapungua mwendo, zikabaki mbili, ikabaki moja. Lusekelo akafungua kinywa kutoa amri.

Mzee Mwakalobo akavuta kiti mpaka ukutani, akaketi.

"Mama Suma," akaanza kumwambia mkewe, "mjukuu wako ana masikio ya baba yako."

Herufi zikaanza tena kukimbia. Mzee hakunyamaza tena.