Marehemu Mpiga Besi

Jumamosi Soko la Majengo halipitiki. Nasma alikuwa anachagua vitunguu, dera lake la zambarau kalishika kwa mkono mmoja, aliposikia besi. Disko la zamani, lile la kukukamata kiuno! Lilitoka kwenye simu ya kijana mrefu aliyevaa shati la maua, kola pana za enzi za wazee.

"Hiyo umeitoa wapi, kaka?"

"Nakusanya disko za zamani, nizitoe upya, nyimbo kumi na mbili kwenye santuri moja. Kwani unaijua?"

"Anayepiga besi ni baba yangu."

Kijana, Abbasi, nusura aangushe simu. "Yuko wapi nikamwone?"

"Alikufa."

Alisema kama anayetaja bei ya nyanya. Na baba mwenyewe, mzee Rajabu, masikini, alikuwa kijijini Bahi, mzima kabisa, analima mpunga na mke mwingine. Aliwatelekeza Nasma na mama yake, Nasma akiwa na miaka tisa. Nasma alilia wee, kisha akaacha kuhisi chochote.

Abbasi alifika kwa Nasma, Chang'ombe, kuazima picha ya bendi, akaja kuirudisha, akaja tena bila sababu. Kila jioni simu.

"Umenikumbuka, mpenzi?"

"Kidogo."

"Jamani! Hata kudanganya hujui!"

Posa ikapelekwa kwa baba mdogo, aliyeunyamazia uongo huo, ndiye awe walii wa kumwozesha. Nasma alitaka kufurahi, furaha haikuja.

Santuri ikatoka. Redio ya mjini ikasoma majina: besi, marehemu Rajabu. Asubuhi majirani wakaja na khanga vichwani kutoa pole. Abbasi alikuwepo simu ya Nasma ilipoita, akaipokea yeye na kuiweka sauti kubwa, akidhani ni rambirambi nyingine.

"Nasma, nasikia nimekufa."

Majirani wakatazamana.

"Huku wameshanisomea dua, mwanangu."

"Pole," Nasma akajibu, akakata.

Abbasi alimvutia uani. "Umenifanya nimzike mtu aliye hai! Na ndoa je? Baba yupo, mimi niozeshwe na mwingine kwa uongo? Usinipigie tena."

Akaondoka. Nasma akaendelea kuosha vikombe vya wageni.

Wiki mbili alipika, akafagia, akalala. Siku ya kumi na tano alikuwa anakuna nazi, mara mikono ikagoma. Machozi yakamtoka hadharani mbele ya mpangaji mwenzake. Iliuma. Alhamdulillahi, iliuma! Alimtaka Abbasi, na hakutaka kumpata kwa uongo.

Alichukua bajaji hadi Area D. Abbasi alifungua mlango akiwa na fulana, hajanyoa. Nasma hakumsalimu, alipiga simu palepale kizingitini.

"Shikamoo baba. Kuna mtu ameleta posa."

"Maiti hapokei posa, Nasma."

"Nilikuua mimi kwa mdomo wangu, kwa sababu ulituacha. Bado nina hasira na wewe. Lakini huyu nampenda, na walii wangu ni wewe. Basi fufuka, baba."

Mzee alikuwa analia.

"Mpe simu," akasema.

Abbasi aliipokea kwa mikono miwili.