Kalibu ya Kalamu ya Kasiano

Kila Jumamosi asubuhi Jeska alifua sare yake ya shule, akaianika nyuma ya nyumba ya shangazi yake mjini Gitega, kisha akaenda kwa Houssein, fundi wa kalamu. Houssein alitia vipande vya mbao ndani ya rezini, maji mazito kama asali yanayochanganywa na dawa na kuwa magumu kama jiwe. Kipande kikishakauka, alikizungusha kwenye mashine na kukichonga mpaka kikawa kalamu inayong'aa.

Siku hiyo Jeska alikuja na kifurushi. Ndani yake kulikuwa na vipande vya mpini wa jembe la baba yake, Elikana. Baba alilima kwa jembe hilo miaka yote ya kambi ya wakimbizi Tanzania, na familia iliporudi nchini alirudi nalo Butihinda, mkoani Muyinga. Mwaka uliopita alifariki. Mwezi mmoja tangu Jumamosi hiyo familia ingefanya kuganduka, sherehe ya kuondoa msiba, na Kasiano, kaka yake Jeska, angetangazwa mbele ya majirani kuwa mrithi wa baba. Jeska alitaka siku hiyo Kasiano ashike kalamu yenye mpini ule ndani yake. Lakini mchwa walikuwa wameula. Vipande vizima vilitosha kalamu tatu tu.

"Bon, sawa," alisema Houssein. "Kazi iko kwenye kalibu, ile chombo ya kumwagia. Yangu ya mpira imepasuka, na ingine iko Bujumbura, bei kali. Tafuta chombo ya bure. Lakini sikia: kwanza mwaga rezini tupu. Ukiona imetoka vizuri, ndiyo uweke mbao ya baba yako. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba Swabra," Jeska alimjibu fundi.

Jeska alichagua kikombe cheupe chepesi, cha kunywea chai na kutupa. Kilikuwa safi na kilisimama vizuri. Houssein alipouliza kama amekijaribu, alijibu haraka, "Nimejaribu." Hakuwa amejaribu. Kusubiri siku nzima kwa ajili ya rezini tupu aliona ni kupoteza wakati.

Rezini ilikila kikombe. Kitako kiliyeyuka, na mchanganyiko wote ukamwagika juu ya meza, ukagandia hapo pamoja na theluthi moja ya mpini.

Swabra, binti wa fundi, alicheka mpaka akashika mbavu. "Eh, Jeska! Umetengeneza kalamu ama chapati?"

"Nyamaza wewe!"

Jumamosi iliyofuata Jeska alileta kopo la samaki. Bati haliyeyuki, alijiambia. Houssein alimtazama kwa muda. "Hiyo umejaribu kweli?"

"Nimejaribu."

Kopo halikuyeyuka. Rezini iliganda vizuri, ngumu na yenye rangi ya chai. Ila haikutoka. Jeska aligonga kopo chini, akalipinda, akalichokoa kwa kisu, akaligonga tena huku machozi ya hasira yakimtoka. Mwishowe akachukua nyundo, na kipande kikapasuka vipande vinne.

"Weye Jeska!" Houssein alizima mashine na kuvua miwani. "Mi nimechoka! Kiswahili yako ya Tanzania imenyooka kama rula, lakini masikio yako imepinda. Ulijaribu kopo? Lini? Rezini gani? Mi ndiye naweka chupa ya rezini, naona haijapungua!"

Jeska alitazama chini. Theluthi moja tu ya mpini ilikuwa imebaki kwenye kifurushi.

"Sikujaribu," alisema. "Hata kile kikombe sikukijaribu. Nilidanganya."

Houssein aliweka miwani mezani. Kisha akashusha pumzi. "Kama ungesema ile siku ya kwanza, mi ningekwambia vikombe vile vinakufa. Nilinyamaza juu ya vile ulisema umejaribu."

Alimpa rezini ya zamani na kumwacha atafute mwenyewe. Wiki ile, kila alipotoka shule, Jeska alimwaga rezini tupu, kidogo kidogo, ndani ya vyombo vinne. Chupa ya maji ilijikunja kwa joto la rezini iliyokuwa ikiganda. Bomba lilishika rezini likakataa kuiachia. Kisanduku cha mbao kiliinywa. Alichoka na kukasirika, akataka kuacha. Cha nne kilikuwa kipande cha bidoni, dumu la njano la mafuta ya kupikia. Alikuwa amekikunja kama mfereji mdogo, akakifunga kwa mpira wa baiskeli na kuziba ncha kwa udongo. Asubuhi alifungua mpira, akakipinda kidogo, na rezini ikadondoka yenyewe mkononi mwake.

Hakushangilia. Alimwaga tena ili kuhakikisha. Ilitoka tena. Ndipo alipofungua kifurushi.

Siku ya kuganduka, nyumba ya Butihinda ilijaa watu. Jeska alimpa Kasiano kalamu, na wazee wakaipitisha mkono kwa mkono wakitafuta mistari ya mpini ndani yake. Mama yake, Paskazia, aliishika muda mrefu kuliko wote.

"Imekuwa nzuri," alisema. "Na vipande vingine viko wapi?"

Jeska angeweza kusema mchwa walikula vyote. "Nimeviharibu, mama. Fundi aliniambia nijaribu kwanza, nikamdanganya kwamba nimejaribu. Mara mbili."

Mama alifumba macho kidogo.

"Inaniuma," alisema. "Hakuna mpini mwingine kama ule. Basi shika hili: kitu kikiwa kimoja, usijifunzie juu yake. Jifunzie juu ya kisicho na thamani, hata kama kinakuchosha. Na anayekufundisha mwambie ukweli mapema, kwa sababu hawezi kukusaidia kwa kosa ulilolificha."

"Ndiyo, mama."

Kasiano alifungua daftari la familia. Aliandika jina la baba, kisha la mama, kisha lake. Halafu akamsogezea Jeska daftari na kalamu.

"Kaa hapa," alisema. "Lako liandike mwenyewe."

Jeska alichukua karatasi chakavu iliyokuwa mezani, akajaribu wino kwanza, kisha akaandika.